Karatasi ya Maabara na Jina la Mjomba Banzi

Jumapili, 27 Aprili. Mafiga, Morogoro.

Mvua tangu alfajiri, na milima haipo. Siku nyingine ukisimama uani kwangu unaiona Uluguru yote, mpaka mashamba ya matuta kule juu. Leo kuna weupe tu. Nimeutazama weupe huo mpaka chai ikapoa mkononi, na mezani kuna madaftari ya Kidato cha Tatu yananisubiri tangu Alhamisi.

Jana nilikuwa Mgeta kwa Bibi. Nimemwambia.

Wiki tano nilikuwa nakwepa. Kila Ijumaa nilijipangia kwenda, na kila Jumamosi nilipata sababu: mara mvua, mara mitihani, mara tumbo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilichotaka kumwambia kingeweza kuokoa macho ya mdogo wangu, Seif. Kingeweza pia kumvunja bibi yetu, aliyetulea sisi wawili baada ya mama kufariki. Sikuona njia ya kupata kimoja bila kingine.

Blogu hii ilikuwa ya hesabu na manung'uniko ya mwalimu wa hesabu. Anayetaka logi na vipeo arudi kurasa za nyuma. Leo naandika habari za damu, na naomba nisihurumiwe.

Yalianza na ndevu. Nina miaka ishirini na tisa, na kuanzia mwaka juzi wembe wangu ukawa hauna kazi. Nilikuwa nanyoa kila baada ya siku mbili, ikawa kila wiki, ikawa nasahau. Nikawa nachoka. Nikitoka darasani nilikuwa natua kwenye kiti cha ofisi ya walimu kama gunia la viazi. Na chumbani, niseme tu maana nimeshaamua kusema, hamu ilikwisha. Haikupungua. Ilikwisha, na kibaya zaidi, hata sikuikumbuka. Zuhura, mke wangu, hakuwahi kulalamika. Tuna miaka mitatu ya ndoa na hatuna mtoto, na mama yake ameanza kumuuliza kwa mafumbo. Kimya cha Zuhura ndicho kilichonisukuma mpaka maabara.

Nilikwenda mwezi wa kwanza, Jumatano, baada ya vipindi. Ilikuwa saa tisa alasiri na nilikuwa nimetoka kula wali maharage. Wakatoa damu, kesho yake wakanipa karatasi. Testosteroni, yaani homoni ya kiume, na ubavuni mwa namba kuna mshale unaoelekea chini. Hakuna aliyenieleza kitu. Kijana wa dirishani alinikabidhi karatasi ikiwa imekunjwa na hakunitazama usoni.

Nilikaa nayo mfukoni siku tisa. Mwalimu mwenzangu wa Jiografia, niliyemdokezea kwa kuzunguka mbuyu, aliniletea vumbi la Kongo, ile dawa ya nguvu za kiume, kwenye kikaratasi, bure, kwa moyo safi kabisa. Mwingine akanitajia jamaa wa gym anayechoma sindano za homoni hiyohiyo. "Wiki mbili tu, mwalimu, utanishukuru." Nilikaribia kwenda. Kilichonizuia hakikuwa busara, ilikuwa kazi yangu. Miaka sita nawaambia wanafunzi kwamba nukta moja haichori mstari, na mimi nilitaka kuchora maisha yangu yote kwa nukta moja.

Basi nikaenda kwa daktari. Ni mama wa makamo, anaongea taratibu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaitazama karatasi, akatazama saa iliyoandikwa juu yake.

"Ulipima saa tisa mchana? Umeshiba?"

"Nilikuwa nimeshiba, mama."

"Basi hii tuiweke kando kwanza."

Akanieleza jambo ambalo natamani kila kijana mwenye karatasi kama yangu alijue. Homoni hii hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Ukipima alasiri umeshiba, au umekesha, au umetoka kwenye malaria, unaweza kupata namba ya chini na mwili wako hauna tatizo. Hupimwa asubuhi kabla hujala, na hupimwa zaidi ya mara moja. Na hata ikiwa chini mara zote, alisema, kazi haijaisha, maana namba inakwambia kuna upungufu, haikwambii kwa nini.

Nilipima mara mbili tena, asubuhi, tumbo tupu. Mara zote mbili ilikuwa chini, chini kuliko ile ya alasiri.

Ndipo akataka damu nyingine, ya homoni zinazotoa amri. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo inayoziamuru korodani zifanye kazi. Korodani zikigoma, tezi hupaza sauti, na sauti hiyo huonekana kwenye damu. Kwangu hapakuwa na sauti. Korodani zilikuwa zimekaa zinasubiri amri, na amri haikuja. Mahali pake kulikuwa na homoni nyingine iliyopanda kupita kiasi, ile ya maziwa, ya mama anayenyonyesha.

Akaniuliza kama kuna kitu chochote kwenye kifua. Nikamwambia hapana.

Nilidanganya. Tangu Oktoba, nikibana chuchu, lilikuwa linatoka tone jeupe. Sikumwambia mtu yeyote, hata Zuhura. Nilikuwa nafua fulana zangu mwenyewe. Na pale pale kwenye kiti cha daktari nikakumbuka kwamba Mjomba Banzi, kaka yake mama, mwanaume wa Mgeta mwenye mama na wapwa tele wa kumfulia, naye siku zote alifua fulana zake mwenyewe, kule mtoni, peke yake.

Nikarudi nyuma nikamwambia ukweli.

Daktari hakushangaa. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Akaniambia niitazame pua yake nisihamishe macho. Atanyoosha mikono yake kulia na kushoto, atachezesha vidole, na nikiona kidole kinacheza nimwambie.

Nikatazama pua. Nikangoja. Nilisikia saa ya ukutani. Nikaendelea kungoja, nikadhani hajaanza.

Alikuwa ameshamaliza mara mbili.

"Mwalimu," aliniuliza, "ulikuja hapa na nini?"

"Na pikipiki."

"Utairudisha nyumbani kwa kuisukuma."

Nilikuwa nimepoteza pembe zote mbili za macho bila kujua. Katikati nilikuwa naona vizuri kabisa, nasoma, nasahihisha, naandika ubaoni. Pembeni palikwisha. Na mtu hawezi kuona giza pale, maana si giza, ni hakuna tu. Wanafunzi wa safu ya dirishani walikuwa wamenishtaki kwa mkuu wa shule kwamba nawabagua, siwachagui wanaponyoosha mikono. Niliwaona waongo na nikawapa adhabu.

Lakini si wanafunzi walionitisha. Kilichonitisha ni kwamba kipimo kile nilishafanyiwa kabla, na waliokifanya hawakuwa madaktari.

Ngoja nieleze jambo la kwetu. Ukoo wetu ni wa upande wa mama, kama ilivyo kwa Waluguru, na katika nyumba yetu kuna jina ambalo halifi. Mwenye jina akifa, mpwa mmoja hurithi. Anakuwa yeye. Hakuna utani hapo. Banzi wa kwanza simjui, wa mwisho alikuwa mjomba wetu. Alikuwa mpole, sauti nyororo, kidevu laini, hakupata mtoto, na mke alimkimbia mapema. Alikuwa anafunga kitambaa kipajini kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikimuuma. Alikuwa anajigonga bega kwenye miimo ya milango. Ukimjia ubavuni alikuwa hakuoni mpaka ufike mbele yake, halafu anashtuka na kusema, "Umetokea wapi?" Watu wa Mgeta walisema Banzi amegawanyika, nusu yuko huku na nusu yuko kwa waliotangulia, ndiyo maana haoni wa huku wote. Walimheshimu sana. Yeye ndiye aliyesimamia tambiko makaburini, ndiye aliyeombwa kuombea mvua. Alikufa kwa kichwa, siku moja tu, mwaka juzi.

Kwenye arobaini yake, baada ya dua na pilau, wapwa tuliitwa. Kofia ya marehemu iliwekwa kitandani kwake. Wapwa huingia mmoja mmoja kuichukua. Ndani, kulia na kushoto mwa mlango, wamesimama wanawake wawili wakubwa wa ukoo, kimya. Anayewaona akawaamkia, huyo ni wa huku, anatoka mikono mitupu. Anayepita bila kuwaamkia, huyo waliotangulia wameshayachukua macho yake. Ndiye.

Fikiria nchi yetu hii, ambapo mtoto akipita mbele ya bibi yake bila shikamoo hadithi itafika Morogoro mjini kabla ya jua kuzama. Nani angeweza kupita hivyo kwa makusudi?

Seif alitangulia. Alitoka anacheka, amewaamkia wote wawili. Nikafuata mimi. Niliona kitanda. Niliona kofia. Nikaichukua, nikaivaa, nikatoka, na vigelegele vikapasuka nyuma yangu ndani ya nyumba ambayo naapa ilikuwa tupu. Mmoja wa wale wawili alikuwa Bibi. Nilimpita umbali wa kumshika mkono.

Nilikuwa nimesoma chuo kikuu. Nilicheka baadaye na walimu wenzangu. Lakini sitaki kuficha, nilipenda. Wazee walinipisha kiti. Mzee Kobelo, jirani wa Bibi, mwenye umri wa kunizaa, alinipa shikamoo, maana Banzi alikuwa mkubwa wake. Nilisita, nikaitikia marahaba. Na Bibi akaacha kuniita mjukuu wangu. Tangu siku ile ananiita mwanangu. Hakulia tena msiba wa mwanawe. Kwa nini alie? Alikuwa amerudi, amekaa pale anakunywa chai.

Nilivyozidi kudhoofika, alizidi kufurahi. Nilipojigonga kwenye mwimo wa jikoni kwake, Idi ya mwaka jana, alilishika bega langu akalibusu.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa zaidi. Nilidhani siku zote, kama nilidhani chochote, kwamba jina lile limeniingia likanifanya hivi. Kumbe ni kinyume. Nilianza kuwa hivi, ndipo wakanipa jina. Walikuwa wanautafuta ugonjwa ule bila kuujua jina, wakaupata, wakauvika kofia. Na sijui wamefanya hivyo kwa vizazi vingapi.

Dar, alikonituma daktari, walinipiga picha ya kichwa. Uvimbe kwenye ile tezi, ukubwa wa harage. Si saratani. Ndio unaotoa ile homoni ya maziwa, ndio ulionyamazisha amri, na kwa kuwa mishipa ya macho hukutana juu yake, ndio ulioibinya na kula pembe zangu. Sindano ya yule jamaa wa gym ingenipandishia namba kwenye karatasi, ingezima na mbegu chache zilizobaki, na harage lingeendelea kukua kimyakimya. Dawa yake ni kidonge. Si upasuaji, wala si kafara. Kidonge mara mbili kwa wiki, na mimi nina wiki ya sita.

Macho yalianza kurudi mapema. Nilidhani ningefurahi. Siku ya kwanza nilikuwa ubaoni nikahisi mtu amesimama kushotoni kwangu. Nikaacha chaki. Hapakuwa na mtu aliyesimama. Ilikuwa safu ya dirishani, wanafunzi kumi, wamekaa, wananitazama. Nilikuwa nimewafundisha mwaka mzima. Nyumbani nikamwona Zuhura anapita ubavuni na beseni, nikapiga kelele. Alikuwa amepita hapo kila siku. Mpaka sasa nikiwa peke yangu natupa macho pembeni, nahesabu vilivyomo. Nina hofu ya kijinga kwamba ipo siku nitaona na ambacho hakikuwa cha kuonwa.

Daktari aliniuliza habari za ndugu. Mara nyingi uvimbe huu hauendi kwa ukoo, alisema, lakini nilipomweleza ya mjomba aliacha kuandika. Akasema ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe.

Nina mmoja. Seif ana miaka ishirini na tatu na anaendesha lori la mboga, kabichi na karoti, kutoka Mgeta mpaka Dar. Wanaoijua barabara ile watanielewa. Mwaka huu amevunja vioo vya lori vya pembeni, cha kulia na cha kushoto, na kila kimoja anasema aligongwa. Hana ndevu. Nilimpigia nikamweleza taratibu, kama nilivyoelezwa. Alinicheka kwanza. Kisha akakasirika, akaniambia kama mimi mambo yameshindikana kwa shemeji nisimvute na yeye. Akakata simu. Nikajua hatanisikia. Anayemsikia duniani ni mmoja tu.

Ndiyo maana jana nilipanda.

Juu kulikuwa na ukungu mzito. Nilitembea kwenye kijia kati ya matuta ya njegere, nasikia watu wakichuma na kuongea, siwaoni. Mlango wa Bibi ulikuwa wazi. Nilivyoingia nilimwona palepale, kulia kwangu, kwenye kigoda, anabangua njegere. Nikageuka nikamwamkia.

Mikono yake ilisimama. Hakuitikia. Alisema kwa sauti ndogo, "Umeniona."

"Nimekuona, Bibi."

Nikakaa chini nikamweleza. Nilieleza yote, ya homoni, ya maziwa, ya macho, ya harage. Nimewahi kufundisha watoto wagumu lakini sijawahi kuona uso uliofungwa vile. Nilipomaliza alisema Banzi hakuwa mgonjwa. Alisema mimi ndiye niliyekwenda mjini kumfukuza mwanawe kwa vidonge. Kisha akaendelea na njegere zake, na mimi nikakaa hapo, nimeshindwa.

Tulisikia lori likizimwa barabarani. Seif alikuwa anakuja kula kabla ya kupakia.

Bibi akainuka. Alijikongoja mpaka mlangoni, akaingia nyuma ya mwimo wa kushoto, akabana mgongo ukutani, mikono ameikunja kifuani. Alinitazama. Ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani, na nilimwona bibi yangu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona, kama mtu aliyesimama pale tangu zamani sana, kabla ya nyumba.

Seif akaingia. Bega lake lilikwaruza mwimo. Alimpita Bibi, kanga yake ikaguswa na shati lake, akaja mpaka mbele yangu, akavua kofia ya mvua.

"Bro, umekuja lini? Bibi yuko wapi?"

Nilikuwa namtazama yule aliyekuwa nyuma yake.

Niliogopa kwamba atapiga kigelegele. Nasema kweli, niliogopa hivyo. Aliinua mkono mpaka mdomoni. Lakini mkono ulibaki pale, ukauziba mdomo. Seif akageuka, akashtuka akaruka nyuma, "Astaghfirullah! Bibi, umetokea wapi?"

Bibi akakaa chini pale pale, sakafuni. Alisema tangu mavuno ya maharage alikuwa amemwona Seif naye haoni pembeni. Hakuogopa, alisema. Alishukuru. Alijua hata mimi nikiondoka, mwanawe ana pa kwenda.

Halafu akaniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki tano.

"Hicho kidonge chako. Banzi alipokuwa anaumwa kichwa, kilikuwepo?"

Ningeweza kusema sijui. Zuhura alinishauri niseme sijui, Mungu atanisamehe. Lakini Seif alikuwa amesimama pale, funguo za lori mkononi, anasikiliza kwa mara ya kwanza. Uongo wangu angeuendesha mpaka Dar.

"Kilikuwepo, Bibi."

Hakulia. Alimnyooshea Seif kiganja, na Seif, ambaye hanisikii mimi wala askari wa barabarani, akaweka funguo juu yake. Bibi akazifumbata. "Wewe ni mgonjwa," alimwambia. "Mwenzio naye alikuwa mgonjwa. Mwanangu alikuwa mgonjwa, na mimi nimesimama hapa nashangilia."

Lori limeteremshwa na dereva mwingine, kwa funguo za akiba. Seif nimeshuka naye. Yuko sebuleni, amekaa na Zuhura, anakula chapati kwa hasira. Nimemwambia kesho hakuna chai, tunatoka saa moja na nusu, tumbo tupu. Ameniuliza kama wataangalia na mambo ya kifua. Nikajua. Sikumuuliza zaidi. Nilimwambia wataangalia, na hakuna wa kumcheka.

Bibi alikataa kuja mjini. Nilimwacha pale chini, na funguo.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapa, nataka kuyarudia madaftari, simu ikalia. Mzee Kobelo. Sauti ilikuwa inakatika kwa mvua. Alisema Bibi ametandika mkeka barazani tangu alfajiri, amejifunga kanga kichwani, analia kwa sauti, na majirani wameanza kuja na kuni na unga kama kwenye msiba. Wanamuuliza nani kafa, hajibu. Wakamtuma yeye anipigie. Akaniuliza, "Tuwaambie watu nani kafa?"

Nikamwambia, "Waambie ni Banzi."

Nikasikia mvua ya kwake na mvua ya kwangu. Kisha mzee akauliza, kwa adabu sana na kwa woga, "Sasa hapa naongea na nani?"

"Hamisi, mzee wangu. Mwalimu Hamisi, mjukuu wa Bibi. Shikamoo."

Alichelewa, lakini aliitikia.

Kesho nampeleka Seif maabara kabla ya jua kuwa kali. Kisha napanda Mgeta, nikakae na Bibi msibani.